Mluzi Kwenye Mkono wa Mwisho

Manapouri,
3 Machi 1996

Shangazi Ripeka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta karibu na jiko lako, paka magotini, redio ikikudanganya kuhusu hali ya hewa. Huku mimi ni mzima. Leo ni siku ya kumi na moja ya mvua, na usubi wamenila mpaka masikio. Fergus, mwenzangu wa kwenye boti, anasema usubi wa mwaka huu wamevaa meno ya bandia kama yako. Nimemwahidi kwamba nitakufikishia, ili siku mkikutana ujue pa kuanzia kumpiga.

Kazi ni ile ile. Asubuhi tunawavusha wageni ziwa, wanapanda basi, wanavuka milima na kuteremka hadi kwenye fiodi, ule mkono mrefu wa bahari ulioingia kati ya milima, ambako Tarapuka, boti yetu, inawangoja. Nawazungusha kati ya kuta za mawe kwa saa tatu: maporomoko ya maji, sili waliolala juu ya miamba, pomboo wanaojiona wao ndio wenye boti. Mwisho nawaingiza ndani kabisa, Mkono wa Mwisho, mahali ambapo bahari imekomea. Pale nazima injini, nazima jenereta, na kuwaomba wafunge midomo kwa dakika tano. Picha watapiga kokote, lakini kimya kile ndicho wanachokuja kukitafuta.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Mama atatimiza mwaka kaburini mwezi wa Novemba na itabidi tulifunue jiwe la kaburi lake, kama ilivyo desturi yetu. Mchonga mawe wa Invercargill anataka maneno kabla Oktoba haijaisha. Kaniuliza kwenye simu, "Mke wa nani, dada?" Nikamwambia anipe muda. Unajua mama alivyokuwa. Kwa miaka ishirini na mmoja jina la baba halikutajwa nyumbani. Hata mluzi ulipigwa marufuku, kwa sababu ulimkumbusha yeye. Mtu aliyekwenda zake Australia akamwachia mtoto wa miaka sita, nimwandike kando yake? Au nimwache nje? Wewe ndiye uliyekuwa naye siku ya mwisho. Aliposhuka kwenye boti yenu alisema nini? Alisema atarudi?

Kingine ni kidogo tu. Katika kitabu cha wageni kuna wanaolalamika kwamba wakati wa kimya kuna mtu anapiga mluzi. Mimi sijausikia. Fergus naye hajausikia, ila Fergus hasikii hata supu yake ikimwagika jikoni.

Binti wa kaka yako,
Kararaina

*

Aparima,
21 Machi 1996

Mwanangu Kararaina,

Nimeipata barua yako, na mwambie huyo Fergus kwamba meno yangu ni ya bandia lakini ngumi ni zangu mwenyewe. Huku tu wazima. Paka amezaa kwenye sanduku langu la sufu, wanne, wote wamefanana na yule dume mwizi wa jirani. Viazi vimeoza nusu kwa maji. Ninapokuandikia, nimezungukwa na ndoo, chumvi na magunia, kwa kuwa tarehe mosi tunakwenda visiwani kuwinda ndege, na safari hii bahari inaonekana haitaki wageni. Tutakaa hadi mwisho wa Mei. Usiniandikie, kule hakuna posta, kuna upepo tu.

Kuhusu mama yako. Watu wanasema baba yako alikuwa mtu wa mluzi, lakini bingwa alikuwa wifi yangu Huria. Yeye alitia vidole viwili mdomoni, akasimama mlangoni, na sisi tuliokuwa gatini tulijua chakula kimeiva. Mbwa wa mtaa mzima walikuja. Baba yako Teone alikuwa akiacha nyavu na kukimbia, nasi tukimcheka, "Umeitwa, mtumwa!" Naye anajibu, "Asiyeitwa ndiye wa kuhurumiwa." Nimekumbuka tu.

Jiwe liandike hivi: Huria, mama wa Kararaina. Yatosha. Kuhusu baba yako, nilichokisema mwaka ule nimekisema. Yaliyopita si ndwele.

Na huo mluzi ni ndege. Msitu ule umejaa ndege wa kila sauti. Ila wakumbushe wageni wako wasijibu. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.

Ni mimi shangazi yako,
Ripeka

*

Manapouri,
14 Aprili 1996

Shangazi,

Najua uko kisiwani, mikono ndani ya manyoya, na barua hii itakungoja chini ya mlango mpaka Juni. Naandika hivyo hivyo, la sivyo nitaongea peke yangu na Fergus atanitangaza. Salama nipo. Theluji ya kwanza imeshika vilele. Nimenunua buti mpya.

Nimekunakilia kutoka kwenye kitabu cha wageni. Bwana na bibi wa Timaru: "Safari njema, supu njema. Yule bwana wa mluzi angengoja tufike gatini." Mjerumani mmoja: "Nani anaishi kwenye ule mwamba wa kushoto? Nilimpungia mkono, sikumwona." Na huyu wa tatu ni mwanamke aliyekuja siku mbili mfululizo kwa sababu siku ya kwanza ukungu ulimnyima picha. Kaandika: "Leo yuko karibu zaidi kuliko jana."

Shangazi, ndege gani huyo?

Nilimbana Fergus. "Ni wewe unawachezea wageni?"

"Mimi na mluzi wapi na wapi? Nina pengo hapa mbele. Nikipuliza yanatoka mate."

"Puliza nione."

Akapuliza, nikajifuta uso. Basi si yeye.

Juzi nikaamua kutazama midomo. Watu arobaini na moja. Nilizima injini, nikasimama mlangoni mwa chumba cha usukani, nikawakodolea macho. Hakuna aliyefungua mdomo. Halafu, kama dakika ya pili, wakageuza vichwa. Wote, kwa mara moja, upande wa kushoto, kama watu walioitwa majina yao. Mimi nilisikia maji yakidondoka kwenye majani, basi. Niliwasha injini kabla dakika tano hazijaisha.

Mchonga mawe kapiga simu tena. Nimemwambia bado.

Kararaina

*

Aparima,
9 Juni 1996

Mwanangu,

Tumerudi salama, tumshukuru Mungu. Mikono yangu inanuka mafuta ya ndege na itanuka mpaka Krismasi. Mwaka huu vifaranga walikuwa wanene, ndoo zimejaa, na mgongo wangu umevunjika mara mbili. Paka wote wanne wamepata kwao. Nimetenga ndoo yako.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaiweka chini ya debe la unga. Mwanangu, nakuomba jambo na usiniulize sababu. Acha kuzima injini mle. Kimya kiko kila mahali katika fiodi ile. Wapeleke kwenye mkono mwingine, wapeleke kwenye sili, wapeleke wanakotaka. Waliotega kambakoche mle zamani hawakuzima. Hakuna pa kutia nanga, ukuta umeshuka wima mpaka kuzimu, na maji yanakubeba kimya kimya hadi uguse jiwe. Injini inaunguruma mpaka utoke. Na zikija zile mbili fupi na moja ndefu, wewe washa, ondoka, usiangalie nyuma.

Jiwe nilikwishakwambia. Mama wa Kararaina. Jirani ametengeneza jemu ya tufaha nzito kama lami. Nitakutumia chupa moja uzibie paa.

Shangazi Ripeka

*

Manapouri,
30 Juni 1996

Shangazi,

Shikamoo. Ni mzima. Jemu imefika, Fergus anaila kwa kijiko.

Nimezisoma barua zangu zote kichwani, na kisha nimeisoma yako tena. Sikukuandikia popote kwamba ni mbili fupi na moja ndefu. Nisingeweza. Sijui, maana mimi sisikii.

Ikabidi niulize. Jana alikuwepo mwalimu mstaafu wa Oamaru, mzee mwenye kofia ya sufu, amekaa mbele kabisa. Kimya kilipokwisha nikamwendea. "Samahani mzee, umesikia mluzi?"

"Nimesikia. Si wa kuburudisha, binti. Unamtaka mtu."

"Ukoje?"

Akaupiga polepole. Mbili fupi, moja ndefu. Halafu akasema, "Baada ya hapo anangoja. Kisha anarudia."

Kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka. Nani yuko pale? Nikimwandika baba kwenye jiwe la mama bila kujua, nitakuwa nimemlaza mama na mtu aliyemtupa. Nikimwacha na kumbe hakututupa, nitakuwa nimemtupa mimi. Umenijua tangu nizaliwe, ukanifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Niambie.

Kararaina

*

Aparima,
11 Agosti 1996

Mwanangu,

Salamu. Baridi ni kali. Nimekutumia ndege sita kwa basi la Jumatano, wachemshe mara mbili ukimwaga maji ya kwanza, wasikuumize figo kwa chumvi.

Barua yako nimeianza mara nne. Hii ni ya tano na haitafika mbali zaidi ya hapa. Usiache kunipenda kwanza.

R.

*

Aparima,
8 Septemba 1996

Kararaina,

Salamu leo ziwe fupi, nisije nikajificha ndani yake. Ni mzima. Sikulala vizuri.

Ilikuwa tarehe 17 Juni, mwaka 1974. Tulikuwa wawili, kaka yangu na mimi. Mimi kwenye usukani, yeye akashuka kwenye mashua ya makasia ili akague mitego karibu na mwamba, kwa kuwa boti kubwa haikuthubutu kusogea. Ukungu ukaanguka. Nasema ukaanguka kwa sababu dakika moja namwona akivuta kamba, dakika ya pili sioni hata pua ya boti.

Tulikuwa na mapatano yetu ya mluzi. Mbili fupi na moja ndefu maana yake nifuate hapa. Lakini ile injini yetu ya dizeli ilikuwa punda. Ukiizima kwenye baridi, kuiwasha ni nusu saa, mtu mmoja azungushe mtaimbo wa kuwashia na mwingine aishikie tambara la moto. Peke yangu nisingeweza, na nanga haishiki mle. Yeye mwenyewe aliniambia tangu siku ya kwanza, "Ripeka, hata litokee nini, usizime." Nikatii. Nikazunguka polepole kwenye ukungu huku injini ikipiga kelele masikioni mwangu, nikipaza sauti, nikitega sikio, nisisikie kitu ila dizeli. Saa nzima. Mwanangu, saa nzima, na labda wakati wote ule alikuwa akiniita.

Mwisho nikazima.

Akapiga hapo hapo. Mbili fupi, moja ndefu, upande wa kushoto, juu ya mwamba. Alikuwa hai. Nikaita mpaka koo likachanika. Akapiga tena. Boti ikaanza kuchukuliwa na maji, ikamwacha nyuma, nami nimeshika mtaimbo nazungusha, nazungusha, mikono inavuja damu, na mluzi unakuwa mdogo. Injini ilipowaka giza lilikuwa linaingia. Nikatafuta, nikaikuta mashua imepinduka. Redio yetu ilikuwa imekufa tangu wiki ile. Nikajiambia nitoke nikalete watu.

Safari ya kurudi ilikuwa siku nzima baharini. Mama yako alikuwa gatini, wewe umeshika sketi yake. Akauliza, "Yuko wapi?" Nami nikasema, "Kashuka."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Nilitaka kusema kashuka kwenye mashua, kashuka mwambani, kaniita nami sikusikia. Lilitoka hilo moja tu. Huria akanitazama. Walikuwa wamegombana wiki ile ile, kaka yangu anataka wahamie Australia, mama yako hataki kuacha makaburi ya wazee wake. Akasema, "Kashuka njiani, kwenye gati la barabara kuu, siyo? Kaenda zake Australia." Nami nikanyamaza. Uongo wangu wote ni neno moja. Yaliyobaki ni kunyamaza.

Nilijiambia nitasema jioni. Jioni nikasema asubuhi. Siku ya tatu niliona kwamba nikifungua mdomo wataniuliza, siku tatu zote ulikuwa wapi na mtu yuko juu ya mwamba? Hakuna aliyekwenda kumtafuta, Kararaina. Hakuna aliyemlilia. Bahari ile haikufungwa hata siku moja kwa ajili yake, kama desturi yetu mtu akizama; watu waliendelea kutega na kula. Mama yako alikufa akimchukia mume aliyekuwa akimwita.

Ndiyo maana sijakanyaga kule. Na wewe, kati ya kazi zote duniani, ukaenda kupata ile ya kuzima injini mahali pale kila siku. Uliponiandikia barua ya kwanza nilijua. Amengoja miaka ishirini na miwili mtu azime.

Fanya na mimi utakavyo.

Ripeka

*

Manapouri,
13 Oktoba 1996

Shangazi,

Sina salamu. Nilikuwa nazo, nimezitafuta wiki tano sijaziona.

Nilimchukia baba tangu nikiwa na miaka sita. Nilikuwa hodari wa kumchukia, nilimfundisha na mama akichoka. Sasa sijui niiweke wapi chuki hiyo, na mtu wa karibu ni wewe.

Jumamosi tarehe 26 njoo. Basi la saa mbili asubuhi, nimekuwekea nafasi kwenye boti. Utakaa na mimi kwenye chumba cha usukani. Utazima injini kwa mkono wako.

Kararaina

*

Aparima,
29 Oktoba 1996

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama, mwili umechoka. Nakushukuru kwa blanketi na kwa chai. Fergus ana adabu kuliko sifa zake. Alinishika mkono kupanda ngazi akasema, "Karibu mama, nimeambiwa kuna ngumi yangu." Nikampa ndogo.

Gatini hatukusema mengi, na ulipogeuka niliogopa kukuita. Kwa hiyo naandika.

Nilikuwa nimeyaona maji yale kila nikifumba macho, na bado yalinishtua. Meusi kama chai iliyosahaulika. Ukuta ule wa kushoto ni ule ule, ila miti imeporomoka ikaacha kovu. Wageni walikuwa wakicheka na kupigana picha, wakila biskuti. Ulipoitundika picha ya Huria kwenye msumari nyuma ya usukani, na kioo chake na ua lake jeusi la msiba, nilitaka kushuka. Wapi nitashuka? Ukanitazama, ukasema, "Haya, shangazi." Nikashika ufunguo. Umri huu wote, na injini ya siku hizi inazimika kama taa.

Nilisikiliza, Kararaina. Nilisikiliza kwa ngozi. Niliomba, nikasema ndani yangu, Teone, ni mimi, nimezima. Sikusikia kitu. Tone la maji, basi. Nilitaka nimpigie mimi, lakini kwa meno haya inatoka pumzi tupu, wewe unajua. Nikashika reli kwa mikono miwili, mdomo nimeufunga.

Niliwaona wageni wakigeuza vichwa kushoto, kama ulivyoandika. Hapo nilijua kwamba wanasikia wao na mimi nimenyimwa. Halafu wakageuka tena, wote pamoja, wakatazama chumba cha usukani. Wakanitazama mimi. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka mkono kinywani. Nikadhani wamejua nilichokifanya, kwamba Teone amewaambia. Sijawahi kutazamwa hivyo maishani mwangu.

Uliwasha injini bila kusema neno. Tukanawa mikono kwa maji ya fiodi kama watu waliotoka makaburini, tukarudi. Nilikuuliza gatini, "Umesikia?" Ukasema, "Hapana." Basi tumenyimwa sote wawili. Wewe huna kosa, umenyimwa kwa ajili yangu.

Hajanisamehe, na ni haki yake.

Shangazi yako,
Ripeka

*

Manapouri,
3 Novemba 1996

Shangazi yangu,

Salamu nimezipata, hizi hapa. Ni mzima, kumeacha kunyesha, usubi wamerudi na ndugu zao wote.

Nilikudanganya gatini. Unajua mwenyewe, mtu akiulizwa ghafla gatini linatoka neno lolote.

Nilisikia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. Ulipozima tu, kabla boti haijatulia, mbili fupi na moja ndefu, karibu sana, chini kidogo ya lile kovu la miti. Si mluzi wa kutisha. Ni wa mtu aliyechoka. Nilitaka kukushika mkono nikashindwa kusogea.

Kisha akajibiwa.

Wageni hawakugeuka kukutazama wewe, shangazi. Waligeuka kwa sababu jibu lilitoka kwetu, ndani ya chumba cha usukani, nyuma ya shingo yangu. Kali, la vidole viwili, la kumtoa mtu gatini akaacha nyavu. Nilikutazama. Mikono yako yote miwili ilikuwa kwenye reli na midomo umeikaza. Nyuma yetu hakukuwa na mtu. Kulikuwa na picha ya mama msumarini, na kioo chake kilikuwa kimeingia ukungu kwa ndani, duara dogo, pale kwenye mdomo. Ulikauka tulipofika gatini. Nilifuta kwa nje nikajihakikishia.

Nilisema hapana kwa sababu nilihisi nikifungua mdomo nitapiga yowe mbele ya wageni. Pia nilitaka uumie siku chache. Zimetosha. Sijakusamehe yote, sitakudanganya tena. Lakini ungekataa kuja asingejibiwa, na ulikuja.

Wale bwana na bibi wa Nelson waliokaa mbele waliandika kitabuni: "Asanteni kwa yule bwana, na zaidi kwa yule bibi aliyemjibu. Hivyo ndivyo mama zetu walivyotuita tukale."

Tangu hapo tumekwenda mara saba. Hakuna anayegeuka tena. Jana kuna aliyelalamika kwamba kimya ni kirefu mno na supu imepoa.

Jiwe litafunuliwa Jumamosi, tarehe 23. Njoo tangu Alhamisi, uje na ndoo ya ndege, wageni ni wengi. Kitambaa utakivuta wewe, na kabla hujakivuta utawaambia watu wote ulichoniandikia Septemba, kwa mdomo wako. Nitasimama kando yako.

Maneno nimempa mchonga mawe tarehe 28. Huria, na Teone mumewe. Akaniuliza baba alikufa lini. Nikakaa na simu sikioni, nikahesabu: tarehe 17, au 18, au 20, nani ajuaye alikaa siku ngapi juu ya mwamba ule. Akasema, "Dada, upo?" Nikamwambia tarehe ya kufa aiache. Aandike kwamba aliitwa nyumbani tarehe 26 Oktoba 1996.

Binti yako,
Kararaina